Mwanga, damu na saa ya sukari: kipi cha kweli na kipi bado

Katika miezi ya karibuni nimeulizwa swali moja na watu wengi, wengine ana kwa ana, wengine kwa simu kutoka Dubai, Doha na hata Unguja. Je, ni kweli kwamba kuna saa ya mkononi inayopima sukari ya damu kwa mwanga tu, bila ya kujitoboa kidole? Saa hizo zinauzwa mtandaoni kwa bei nafuu. Watoto wetu wanazinunua kwa mapenzi, wanawapelekea wazee, na mzee anavaa kwa furaha kwa sababu vidole vyake vimechoka.

Jibu langu lina sehemu mbili. Elimu ya kuitambua sukari kwa mwanga ni ya kweli, inakaribia kutimiza miaka mia moja, na imefanyiwa kazi na watu wakubwa. Saa ile inayouzwa mtandaoni ni jambo jingine kabisa. Anayechanganya mambo haya mawili anaweza kumpoteza mzee wake, na ndiyo maana nimeona bora nieleze kwa utaratibu.

Mimi si daktari. Nilikuwa karani, nikashughulika na mafaili na madaftari ya hesabu kwa zaidi ya miaka thelathini mpaka nikastaafu. Hesabu na fizikia niliyo nayo nilifundishwa katika skuli ya misheni, ambako mwalimu hakukubali jibu mpaka uoneshe njia uliyopita. Nina maradhi ya sukari mwenyewe na ninajipima kila siku, kwa hiyo jambo hili nimelisoma kwa makini ya mtu mwenye haja yake.

Kijiko kimoja katika lita tano

Tuanze na kitu chenyewe kinachopimwa. Mtu mzima ana damu kiasi cha lita 5. Kwa mtu mwenye afya ambaye hajala, kila lita ya damu ina sukari aina ya glukosi inayokaribia gramu 1. Jumlisha, utaona kwamba sukari yote inayozunguka ndani ya damu yake haizidi sana kijiko kimoja cha chai. Sisi ambao humwaga vijiko vitatu ndani ya kikombe kimoja tunapaswa kulitafakari hilo.

Sasa tazama jirani za hiyo gramu moja. Katika lita ile ile ya damu kuna hemoglobini, ile inayoipa damu wekundu, kiasi cha gramu 140. Kuna protini nyingine, kuna mafuta, kuna chumvi, na kuna maji mengi. Kwa hiyo anayetafuta sukari anatafuta gramu moja iliyojificha katikati ya zaidi ya gramu 150 za vitu vingine. Na kuiona tu hakutoshi. Tofauti baina ya sukari iliyoshuka hadi hatarini na kiwango ambacho daktari, akikikuta asubuhi kabla ya kula, atasema una kisukari, ni kiasi cha nusu gramu kwa lita. Kipimo kikikosea hiyo nusu gramu, mgonjwa ataambiwa yuko salama naye yuko hatarini.

Karani wa Calcutta

Elimu yenyewe ilitoka Bara Hindi, na ilitoka kwa mtu ambaye mimi humpenda kwa sababu alianzia ofisini kama sisi. Jina lake Chandrasekhara Venkata Raman, aliyezaliwa mwaka 1888 kusini mwa India. Mwaka 1907, hajafikisha hata miaka 19, aliajiriwa katika idara ya fedha ya serikali na kupelekwa Calcutta kushughulikia hesabu. Namwita karani kwa mapenzi tu, maana cheo chake kilikuwa kikubwa kuliko changu. Kabla ya saa za kazi na baada yake alikuwa akienda kwenye maabara ya Indian Association for the Cultivation of Science kufanya majaribio yake. Aliishi hivyo miaka kumi. Mwaka 1917 aliacha mshahara mnono wa serikali akawa profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Calcutta.

Mwaka 1921 alisafiri kwa meli kwenda Uingereza na kurudi. Njiani, katika Bahari ya Mediterania, alishangazwa na ubuluu wa maji. Wakati ule wakubwa wa fizikia walisema kwamba bahari ni buluu kwa sababu inaakisi mbingu. Raman alikuwa na kipande kidogo cha kioo cha kuchujia mwanga, akakitumia kuuzuia ule mng'aro unaorudi kutoka juu ya maji. Kama ubuluu ungekuwa wa mbingu tu, ungepotea. Haukupotea. Akajua kwamba maji yenyewe yanautawanya mwanga unaoingia ndani yake, na meli ilipofika Bombay alikuwa ameshaandika barua yake kwa jarida la kisayansi la Nature.

Tangu hapo akaendelea kuuliza, mwanga unapopita ndani ya kitu ukatawanyika, je, hutoka vile vile ulivyoingia? Tarehe 28 Februari 1928, yeye na mwenzake K. S. Krishnan walithibitisha kwamba si wote hutoka hivyo. Sehemu ndogo sana hutoka na rangi nyingine, na rangi hiyo hutegemea kitu ulichokigonga. Mwaka huo huo wanasayansi wawili wa Moscow, Landsberg na Mandelstam, waliliona jambo hilo hilo katika fuwele. Mwaka 1930 Raman alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, na India mpaka leo huadhimisha 28 Februari kuwa siku ya sayansi ya taifa.

Mlio wa rupia

Wazee watakumbuka, na vijana waliwasikia wazee wao wakisema, kwamba mwenye duka akipewa rupia au riale ya fedha aliitupa juu ya jiwe au meza ngumu akasikiliza. Fedha ya kweli ina mlio wake, na ya bandia iliyochanganywa risasi hulia kama kigae. Mwenye duka hakuhitaji kuikata sarafu. Aliigonga, na sarafu ikajieleza yenyewe.

Aliyoyaona Raman yanafanana na hayo. Kila kitu kimeundwa kwa molekuli, na molekuli ni atomi zilizoungana. Viungo baina ya atomi hizo havikai kimya. Vinatetema, kila kimoja kwa mtetemo wake, kama waya za udi zilizokazwa tofauti tofauti. Chembe ya mwanga ikigonga molekuli, karibu kila mara hurudi na nguvu ile ile iliyokuja nayo. Lakini mara moja moja, kiasi cha chembe moja katika milioni kumi, mwanga huacha sehemu ya nguvu zake kwenye mtetemo huo. Ukitoka hapo unakuwa umepungukiwa, na mwanga uliopungukiwa nguvu hubadilika rangi. Ukipima umepungukiwa kiasi gani, umeshajua umegonga molekuli ya aina gani. Glukosi ina mlio wake, kolesteroli ina wake, na urea, ile taka inayotolewa na figo, ina wake pia.

Nitoe mfano wa hesabu. Watafiti wa damu hutumia zaidi leza yenye wimbi la nanomita 830. Nanomita moja ni mita iliyogawiwa mara bilioni moja. Jicho letu huishia karibu na nanomita 700, kwa hiyo mwanga huu hatuuoni. Wameuchagua kwa sababu unapenya ngozi vizuri zaidi kuliko mwanga wa kijani au wa buluu, na damu haiunyonyi sana. Mwanga huo ukigonga mojawapo ya mitetemo mikubwa ya glukosi, ule mchache unaobadilika hutoka na wimbi la nanomita 915 hivi. Umeingia 830, umetoka 915. Mashine inayopanga mwanga kwa urefu wa mawimbi yake huonesha kilele kidogo mahali hapo, na sukari ikiwa nyingi kilele hupanda.

Ajabu yake ni kwamba mwanga mmoja huweza kusoma vitu vingi kwa mara moja. Mwaka 1999 watafiti wa MIT huko Marekani walichapisha matokeo ya damu ya wagonjwa 66. Katika maji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake waliweza kukadiria vitu sita kwa mwanga wa leza, wakiwamo glukosi, kolesteroli na urea. Hebu fikiria mgonjwa wa sukari ambaye figo zake zinaangaliwa na mafuta yake yanaangaliwa, na vyote vikasomwa kwa tone moja bila ya kutia dawa yoyote ya maabara. Hiyo ndiyo faida wanayoitafuta. Lakini damu ile ilikuwa imeshatolewa mwilini na imewekwa mbele ya mashine. Kuisoma ikiwa bado ndani ya mtu ni safari nyingine.

Kwa nini ngozi ni ukuta

Ugumu wa kwanza ni uchache. Chembe moja katika milioni kumi ni kidogo, na katika hizo chache nyingi zinatoka kwa protini na mafuta. Sukari hupata masalio tu.

Ugumu wa pili ni kwamba ngozi yenyewe inapopigwa na leza huwaka mwanga wake hafifu, na mwanga huo huufunika ule unaotafutwa. Ni kama kusikiliza mlio wa sarafu sokoni siku ya mnada.

Ugumu wa tatu ni kwamba ngozi hazifanani. Kuna nene na nyembamba, kavu na yenye jasho, ya kijana na ya mzee. Melanini, ile inayoipa ngozi weusi, hunyonya mwanga. Hina na piko ni rangi, na rangi yoyote juu ya ngozi ina lake la kusema mwanga unapopita. Chombo kilichofundishwa kwa ngozi za watu wa namna moja hakiwezi kuaminiwa moja kwa moja kwa watu wa namna nyingine.

Jambo hili tulishaliona. Wakati wa korona wengi tulinunua kile kibanio cha kidole kinachopima hewa ya oksijeni katika damu. Ni chombo kizuri, asili yake ni kazi ya Takuo Aoyagi wa Japani katika miaka ya 1970, na kinafanya kazi kwa kutazama damu inavyounyonya mwanga mwekundu na ule usioonekana. Hata hivyo mwaka 2020 madaktari wa Marekani walionesha kwamba kwa wagonjwa weusi kibanio hicho kilikosa kuona upungufu wa oksijeni mara nyingi zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Kama chombo kilichotumika hospitalini kwa miongo minne kilikuwa na ila hiyo, basi familia zetu, zenye ngozi za kila rangi ndani ya nyumba moja, zina haki ya kuuliza juu ya chombo kipya kwamba kilijaribiwa kwa nani.

Ugumu wa nne ni mahali. Mwanga unaoingia kwenye ngozi husoma zaidi majimaji yaliyo baina ya seli kuliko damu iliyo ndani ya mishipa. Sukari ya majimaji hayo huifuata ile ya damu kwa kuchelewa dakika kadhaa. Sukari inaposhuka kwa kasi, dakika hizo ni nyingi.

Daftari linalopatana na sanduku tupu

Ugumu wa tano ndio unaomgusa karani. Kwa kuwa kilele cha sukari ni kidogo mno, watafiti wengi huiachia kompyuta ijifunze. Hufanywa hivi: mtu hunyweshwa maji ya sukari, akapimwa kwa mwanga kila baada ya dakika chache, huku akitobolewa kidole kwa ulinganisho. Kompyuta hutafuta uhusiano baina ya mwanga na namba za kidole mpaka hesabu zikubaliane.

Hatari yake ni hii. Katika muda ule ule ambao sukari inapanda, mambo mengine nayo yanabadilika: ngozi inapata joto, jasho linatoka, mashine yenyewe inachemka. Kompyuta inaweza kushika mojawapo ya hayo ikadhani imeshika sukari. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walilithibitisha kwa njia ya werevu, ingawa walitumia mbinu nyingine ya mwanga, ile inayopima namna mwanga unavyonyonywa. Walitengeneza vipimo vya mwanga vya kuigiza ambavyo ndani yake hamkuwa na glukosi hata chembe. Kompyuta ilipofundishwa kwa vipimo hivyo, ilitoa namba za sukari zilizoonekana kuwa na maana. Sukari ya mzuka.

Nimekaa na madaftari miaka mingi, na najua kwamba pande mbili za hesabu zinaweza kupatana huku sanduku la fedha likiwa tupu. Mkaguzi mzuri haridhiki na daftari. Husema, fungua sanduku tuhesabu.

Ndiyo maana kazi iliyochapishwa Januari 2020 na watafiti wa MIT pamoja na wa Samsung ilipokewa vizuri. Wao walifungua sanduku. Walielekeza leza kwa mshazari kwenye sikio la mnyama aliye hai, nao walitumia nguruwe watatu kwa kuwa ngozi yake inafanana na ya binadamu. Wakapandisha na kushusha sukari yao kwa makusudi, na vilele vya glukosi vyenyewe vikaonekana vikipanda na kushuka pamoja nayo. Hapakuwa na haja ya kukisia. Mlio wa sarafu yenyewe ulisikika kupitia ngozi.

Kabla ya hapo, mwaka 2018, watafiti wa kampuni moja ya Denmark walichapisha kazi yao juu ya watu 35 wenye kisukari waliotumia chombo cha Raman majumbani mwao kwa siku 60. Mgonjwa aliweka chini ya kidole gumba, pale penye nyama ya kiganja, na mwanga ukasoma majimaji ya ngozi kwa kina maalumu. Matokeo yalitia moyo. Lakini zingatia kwamba kilikuwa chombo cha kuwekwa mezani, chenye leza, lenzi na kipima mwanga cha hali ya juu. Hakikuwa saa.

Saa ya mtandaoni inapima nini?

Geuza saa ya namna hiyo uitazame chini yake. Mara nyingi utaona taa ndogo za kijani. Damu huunyonya mwanga wa kijani, kwa hiyo kila moyo unapopiga na damu kujaa mkononi, mwanga unaorudi hupungua kidogo. Kwa njia hiyo saa huhesabu mapigo ya moyo, na kwa kazi hiyo inafaa. Taa hiyo na kipokezi chake si chombo cha Raman. Hakina namna ya kutenganisha wimbi la 915 na jirani zake, na hakina nguvu ya kuiona chembe moja katika milioni kumi.

Basi zile namba za sukari zinatoka wapi? Muuzaji haelezi. Lakini mtu yeyote anaweza kukisia sukari ya mwenye afya bila ya chombo. Ukisema 5.5 kila asubuhi, karibu kila asubuhi utakuwa umepatia au umekaribia. Ndiyo maana kijana mzima huijaribu saa, akailinganisha na mashine ya mama yake, akasema wallahi inafanya kazi. Imefanya kazi kwake yeye ambaye hakuihitaji. Siku sukari ya mama itakapokuwa 2.8 au 19, kukisia hakutamsaidia.

Tarehe 21 Februari 2024, FDA, yaani mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo kwa umma. Ilisema kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari ya damu yenyewe bila ya kutoboa ngozi, na kwamba watu wasizitumie, ziwe za kampuni gani na ziuzwe wapi. Sababu waliyoitoa ni nzito. Mgonjwa akipewa namba ya uongo anaweza kujidunga insulini zaidi ya inayotakiwa, na insulini ikizidi, mtu huchanganyikiwa, huzimia, na anaweza kufa katika muda wa saa chache.

Hapa pana jambo moja linalowachanganya watu. Kuna vifaa vya kweli vinavyobandikwa mkononi, katika sehemu ya juu ya mkono au tumboni, vinavyosoma sukari mchana na usiku na kupeleka namba kwenye simu au saa. Hivyo hospitali huviandika na hufaa. Lakini vina uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi na kukaa humo kwa siku kama kumi au kumi na tano. Saa pale ni kioo tu cha kuoneshea namba, kazi ya kupima inafanywa na uzi. Ukimwona jirani anasoma sukari yake kwenye saa, muulize kwanza kama amebandika kitu.

La kufanya nyumbani

Mpaka chombo cha mwanga kifike kwa njia ya halali, kidole kinabaki. Nina machache ya kushauri kutokana na mazoea na kutokana na ninayoyasikia kwa wauguzi.

Osha mikono kwa maji na sabuni, kisha ukaushe, kabla ya kujitoboa. Mtu aliyetoka kumenya tende au kukata halua ana sukari kwenye ncha za vidole, na tone la damu likichanganyika nayo mashine itasoma namba ya kutisha. Toboa ubavuni mwa kidole, si katikati ya ncha, maana ubavuni hapaumi sana, na badilisha vidole.

Vile vijikaratasi vya kupimia havipendi joto. Vingi vinatakiwa vikae chini ya nyuzi 30. Katika kiangazi chetu cha Ghuba, kopo lililosahauliwa ndani ya gari mchana mmoja tu si la kutegemea tena. Angalia pia tarehe ya kuisha muda.

Jua namba yako iko katika kipimo gani. Familia zetu zimesambaa, na mashine moja husoma kwa milimoli kwa lita, nyingine kwa miligramu kwa desilita. Kwenda kutoka ya kwanza mpaka ya pili, zidisha kwa 18. Hivyo 7 ya mama aliye Uingereza ni 126 ya mtoto aliye Marekani, na ni sukari ile ile. Nimesikia watu wakipigiana simu kwa hofu kwa sababu ya tofauti hiyo tu.

Ukihisi kutetemeka, jasho baridi au kuchanganyikiwa, jipime kwa kidole hata kama kifaa chochote kinakwambia uko sawa. Ikiwa chini ya 4, yaani karibu na 70 kwa kipimo cha pili, kula au kunywa sukari gramu 15, kiasi cha vijiko vitatu vya chai vilivyokorogwa katika maji, kisha jipime tena baada ya dakika 15.

Kwa wanaofunga Ramadhani, mwongozo wa kimataifa wa madaktari juu ya kisukari na Ramadhani unasema kwamba kujitoboa kidole kupima hakufunguzi, na kwamba mgonjwa afungue ikiwa sukari imeshuka chini ya 70 au imepanda juu ya 300. Zungumza na daktari wako kabla mwezi haujaandama, na mwenye shaka ya dini amuulize sheikh wake mapema.

Na kwa vijana wanaotaka kuwatunza wazee, nawaambia maneno ya karani. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji mambo matatu kwa maandishi: chombo hiki kimeidhinishwa na mamlaka gani ya afya kupima sukari, kwa namba gani ya usajili, na kilijaribiwa kwa wagonjwa wa namna gani. Mashine za vidole zina kanuni ya kimataifa: katika kila vipimo 100, angalau 95 viwe karibu na kipimo cha maabara, visikosee zaidi ya asilimia 15, au milimoli 0.83 sukari inapokuwa ndogo. Uliza chombo kipya kinasimama wapi kwa kanuni hiyo. Mwenye bidhaa ya kweli atajibu siku hiyo hiyo. Asiyejibu, fedha ile mnunulie mzee makopo mawili ya vijikaratasi, na daftari la mistari la kuandikia namba zake kila asubuhi, ili siku ya kwenda spitali daktari apate kitu cha kusoma.